Naombeni ushauri: kusomea ualimu wa elimu maalumu ya awali katika zama za akili mnemba

Karani wa Posta: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni karani wa uhasibu katika kampuni moja hapa mjini, na ninafikiria kusomea ualimu wa watoto wadogo wenye mahitaji maalumu. Ankara tulizokuwa tukiziingiza watu wanne sasa zinaingizwa na programu, na mtu mmoja anabaki kuzikagua. Je, ualimu huu nao hautamezwa?

Mzee wa Kigogo: Mdogo wangu, mwaka 2013 watafiti Frey na Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walipima kazi 702 za Marekani na kukadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za huko zilikuwa hatarini kuchukuliwa na mashine. Walimu wa watoto wadogo waliwekwa miongoni mwa walio salama zaidi, na makarani wa hesabu kama wewe miongoni mwa walio hatarini zaidi.

Mama Wawili: Mimi nilifundisha chekechea Mbagala hadi nilipofungua genge la mboga. Nyanya hazina wazazi wa kukugombeza saa kumi na moja jioni.

Mwalimu Maalumu: Dada, programu imenipunguzia kazi ya kuandika mipango ya kila mtoto. Hata hivyo, darasani nina mtoto mwenye usonji ambaye hukunja vidole vya miguu kabla ya kuziba masikio, na nikiviona tu namtoa nje kengele ikiwa bado haijalia. Hofu yangu ni ajira: za serikali hutangazwa kwa vipindi na waombaji ni wengi, na baadhi ya vituo binafsi humwita mwalimu kamili “msaidizi” ili wamlipe kama msaidizi. Je, una cheti chochote cha ualimu, na kazini umeshaaga?

Karani wa Posta: Cheti sina, nitaanza mwanzo. La kazini si kubwa.

Mwalimu Maalumu: Ndilo kubwa kuliko yote. Umeaga au hujaaga?

Karani wa Posta: Barua nimeshaiwasilisha, notisi inaisha mwisho wa mwezi, na mume wangu bado sijamwambia. Lakini kusubiri kupunguzwa ni kupoteza muda, na akiba ya kulipia ada ninayo.

Fundi Rangi: Kwa hiyo hapa unaomba ushauri au baraka?

Mzee wa Kigogo: Mke kuacha kazi bila mumewe kujua! Enzi zetu kikao cha ukoo kingekaa usiku huohuo.

Jicho Pevu la Ilala: Wakuu, hii ni chai. Karani gani mwenye wasiwasi anaandika sentensi zilizopangika namna hii? Uzi umeandikwa na hiyo hiyo akili mnemba, na kesho atatuletea namba ya chuo tulipie fomu.

Fundi Rangi: Basi mashine ndiyo inayotaka kusomea ualimu.

Mwalimu Maalumu: Hata kama ni chai, wapo wengi wenye swali hili. Kabla ya kulipa ada, mwombe mwalimu mkuu wa Uhuru Mchanganyiko au Sinza Maalumu akuruhusu kukaa darasani siku kadhaa, uone kama unaweza kumlisha na kumbadilisha nguo mtoto wa watu. Ukishindwa, mwombe mwajiri akurudishie barua kabla notisi haijaisha.

Karani wa Posta: Jumatatu nitakwenda Sinza. Ila nawasihi uzi huu usifike kwenye makundi ya WhatsApp ya Tabata.

Jicho Pevu la Ilala: Tabata ipi, dada? Segerea au Kimanga?