Nitajuaje reshio ya difu ya Canter ya zamani bila kuifungua?

Mbao_Mafinga:
Habari za kazi wakuu. Nina Canter ya zamani, injini 4D33, nimeichukua kwa mtu, nataka kujua reshio ya difu yake, yaani propela (shafti ya kutoka gia boksi) inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja. Inashusha mbao kutoka Mafinga kwenda Dar, na kurudi inapanda na saruji au bidhaa za dukani. Mlima Kitonga inapanda vizuri sana, hapo sina neno. Tabu ni tambarare. Ukitoka Mikumi kuja Morogoro, gia ya tano, mwendo wa 80, injini inalia mpaka unaionea huruma: saa ya mizunguko ya injini inasoma karibu 2,700 kwa dakika. Gari ya jirani yangu, injini hiyohiyo na tairi zilezile 7.50-16, inatembea kimya. Nikiangalia chini, difu ina rangi mpya na nati zake zina alama za spana, ila hausingi ni ya kutu ya miaka mingi. Naona kuna mtu alishaibadilisha.

Muuzaji wa spea pale Gerezani ananiambia nichukue krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za difu) ya 7/40, yaani meno 7 ya pinioni kwa 40 ya krauni, eti ndiyo ya Canter zote. Sitaki kutoa hela kabla sijajua iliyomo ndani sasa hivi ni ipi. Kuna njia ya kujua bila kushusha difu?

Kijana wa Hilux:
Mkuu, angalia bamba la kiwandani la gari. Kwenye Hilux na Land Cruiser kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE, herufi na namba za mwisho ni za difu. Unazitafuta mtandaoni, unapata jibu.

Fundi Difu Iringa:
Bamba linakwambia gari ilivyotoka kiwandani. Hii imeshafunguliwa, kwa hiyo bamba liache kwanza. Uzuri ni kwamba difu yenyewe unaweza kuihesabu kutoka nje, unahitaji jeki, chaki na msaidizi mmoja tu.

Ila soma hili kabla hujagusa jeki. Hendibreki ya Canter haishiki tairi. Ngoma yake iko nyuma ya gia boksi, inashika propela. Ukinyanyua tairi moja ya nyuma, difu inaachia upande ulio hewani uzunguke, na gari inaweza kuondoka hata hendibreki ikiwa juu. Na kazi hii inataka hendibreki ishushwe. Kwa hiyo gari iwe tupu, sakafu iwe sawa, kabari mbele na nyuma ya tairi za mbele zote mbili, na nyingine kwenye tairi ya nyuma inayobaki chini. Ukishanyanyua, weka stendi chini ya ekseli. Mtu asiingie uvunguni gari ikiwa imeshikwa na jeki peke yake.

Sasa nyanyua upande mmoja tu wa nyuma. Gia nyutro. Piga mstari wa chaki kwenye tairi, mwingine kwenye propela, na alama ya kulinganishia kwenye chasisi. Mmoja azungushe tairi polepole, mwingine ahesabu propela.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Tairi moja ikiwa imesimama chini na nyingine inazunguka, krauni inazunguka nusu ya tairi. Kwa hiyo mizunguko miwili ya tairi ndiyo mmoja wa krauni. Ukinyanyua pande zote mbili na kuzungusha moja, ile ya pili itarudi kinyume na propela itabaki imelala, utadhani difu imekufa.

Usihesabu mizunguko miwili ukaridhika. Difu ya zamani ina mchezo kati ya meno, na 5.7 na 6.2 ni rahisi kuzichanganya kwa macho. Zungusha tairi mara 20, hesabu propela, gawa kwa 10. Kisha linganisha: 7/37 ni 5.29, 7/40 ni 5.71, 6/37 ni 6.17, 6/40 ni 6.67. Ukihesabu hivyo, kila seti inaachana na jirani yake kwa mizunguko minne ya propela au zaidi. Huwezi kukosea.

Na kwa wenye malori makubwa yenye gia ndani ya habu: kwenu meno ya krauni peke yake hayatoshi, maana habu nayo inapunguza mwendo. Njia hii ya tairi inawapa jumla yote.

Dereva wa Tunduma:
Fundi kasema vyema. Mimi huwa naipima barabarani. Piga chaki kwenye tairi na lami, sukuma gari mzunguko mmoja, pima kwa futi. Tuseme mita 2.4. Weka gia ya nne, ambayo kwa gia boksi nyingi za spidi tano kwenye Canter inatoka moja kwa moja bila kupunguza, shika 2,000 kwenye saa, soma mwendo kwa GPS ya simu. Yule wa kusoma awe abiria. Hiyo 2,000 mara mita za tairi, mara dakika 60, ni kilomita 288 kwa saa; gawa kwa mwendo uliousoma, jibu ndiyo reshio. GPS ikisoma 50 una 7/40. Ikisoma 43 una 6/40. Spidomita usiiamini, inaendeshwa kutoka gia boksi, difu ikibadilishwa inadanganya.

Mbao_Mafinga:
Ahsanteni sana. Nimefanya na mdogo wangu jioni hii. Tairi mara 20, propela 66 na zaidi ya nusu. Tumerudia, imetoka vilevile. Basi ni 6/40. Kwa hiyo nichukue hiyo 7/40?

Fundi Difu Iringa:
6/40 ni ya mizigo mizito na mwendo mdogo, ndiyo maana Kitonga inaicheza. Ukiweka 7/40, ile 2,700 yako itashuka mpaka karibu 2,300. Lakini nguvu ya kuvuta nayo inapungua sehemu moja ya saba, na upande ninaouogopea mimi ni wa kushuka. Wewe unateremka Kitonga na mbao. Gia uliyoizoea haitaishikilia gari kama mwanzo, itabidi ushuke na gia ya chini zaidi, na breki ya ekzosi iwe inafanya kazi kweli. Nimeona ngoma za breki zinafika hapa zimebadilika rangi ya bluu.

Kwa njia yako mimi ningefunga 6/37. Utapata takriban 2,500 kwenye 80, na mlima hutausikia sana.

Ukienda dukani nenda na ya zamani mkononi. Krauni na pinioni zinunuliwe kama seti, zimesagwa pamoja, na namba ya seti iliyogongwa ilingane kwenye zote mbili. Hesabu miiba ya pinioni na matundu ya bolti za krauni. Akikwambia ni ya Canter zote, mwombe muihesabu pamoja palepale kaunta.

Mbao_Mafinga:
Nimekuelewa kaka. Nitaulizia 6/37. Bei ya kufunga na kupanga meno kwako ni kiasi gani?

Fundi Difu Iringa:
Njoo nayo kwanza. Nikishaona hali ya bearing na oili sili ndipo tutaongea bei.