Ua wa michongoma na viota vya ndege wakati wa masika: nikate lini?

Mkazi wa Buswelu aliuliza:
Habari za leo, ndugu zangu. Ua wangu wa michongoma umetanuka hadi kuziba njia ya wapita kwa miguu, na jirani ameniomba niupunguze kabla mvua za masika hazijakolea. Hata hivyo, kila asubuhi ninawaona shore wawili wakiingia upande mmoja wa ua huo na nyasi mdomoni, na katika mwembe ulio nyuma ya nyumba mnana wamekwisha kutundika viota vingi. Nimesoma ushauri wa Uingereza unaowataka watu wasikate ua kuanzia Machi hadi Agosti. Je, na sisi wa Mwanza tuifuate miezi hiyo? Sitaki kuvunja kiota, lakini siwezi kumwambia jirani asubiri nusu mwaka.

Mtunza Miche, Luchelele:
Ndugu yangu, miezi hiyo ni ya kwao. Ndege wa Uingereza hubanwa na baridi, wakalazimika kulea katika miezi ya joto, na sheria yao ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota kinachojengwa au kinachotumika. Hapa, karibu na ikweta, kinachowaamsha wengi ni mvua, kwa kuwa ndiyo inayoleta wadudu wa kulisha makinda na nyasi mbichi za kusukia. Viota huongezeka masika na tena vuli, lakini tetere, kwa mfano, hutaga hata nje ya misimu hiyo, kwa hiyo hakuna mwezi utakaokupa ruhusa ya kukata bila kutazama.

Kaa mbali na ua asubuhi, utulie kama nusu saa. Ndege anayeingia na nyasi anajenga, na anayeingia na mdudu mdomoni analisha. Akiacha kuonekana muda mfupi baada ya kujenga, usidhani amehama, kwani huenda anaatamia. Shore huatamia kwa takriban wiki mbili, na makinda hukaa kiotani karibu wiki mbili nyingine, hivyo jirani anaombwa subira ya mwezi mmoja au zaidi kidogo, tena kwa kipande kimoja tu cha ua.

Jambo moja nalisisitiza sana: usiyapunguze majani yanayokifunika kiota ukaamini kwamba kiko salama kwa sababu hukukigusa. Jua la saa sita likiyapiga mayai, au makinda ambao bado hawajaota manyoya, linaweza kuwaua, na kunguru aliye juu ya paa atakiona kiota bila shida. Acha mita mbili au tatu kila upande.

Bustani ya Nyegezi:
Naongeza kuhusu watoto wa nyumbani. Waombe wasiende kuchungulia, kwa maana kila mara mzazi anaporuka kwa hofu, mayai hubaki wazi na adui huonyeshwa mahali pa kuyatafuta. Kinda asiye na manyoya akianguka, mrudishe kiotani taratibu, kwa kuwa si kweli kwamba mama humkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Aliyekwisha kuota manyoya anajifunza kuruka, na wazazi wake huendelea kumlisha hata akiwa chini. Msogeze kwenye tawi la karibu, kisha umfungie paka ndani.

Mkazi wa Buswelu:
Asanteni sana. Nitakata upande wa njia peke yake, na jirani amekubali. Kuhusu mwembe, nimekuta viota kadhaa vya mnana vimeanguka chini vikiwa vitupu. Je, kuna kitu kinachowasumbua?

Mtunza Miche, Luchelele:
La, hiyo ni kazi yao wenyewe. Dume ndiye anayesuka, kisha jike huja kukikagua kiota, na kisipompendeza, dume hukibomoa akaanza kingine. Kwa sababu majike hawatagi siku moja, kundi zima huchelewa kumaliza kuliko shore wako wawili. Usiguse matawi ya mwembe huo maadamu unawaona ndege wakiingia na chakula katika kiota hata kimoja. Wakishaondoka wote, kata matawi utakayo.