Teatre ya tele Lubumbashi: nani amlipe nani?

Mwana wa Kenya, Lubumbashi:

Bakubwa kwa badogo, jambo yenu. Walio mbali wanielewe: Kenya ninayoitaja ni komine yetu, yaani wilaya ya mji, hapa Lubumbashi, Kongo.

Tangu Jumapili nasoma hapa watu wakiwasema wacheza teatre wetu, wale wa michezo ya kuigiza ya televisheni. Hawana kipaji, wanapiga kelele, mchezo wa dakika 30 una ugomvi wa dakika 25, ndiyo maana kila nyumba imehamia kwenye filamu za Nigeria na feyetoni, tamthilia za mfululizo, za Kihindi. Kelele zipo, sikatai. Lakini kabla hatujawazika wasanii, tuulizane jambo moja: mchezo ukipita kwenye kituo cha hapa kwetu, nani anamlipa nani?

Naeleza yaliyotupata. Kundi letu lilikuwa na watu 11. Mazoezi tulifanyia katika parseli, yaani uwanja wa nyumba, ya mama mmoja wa kundi, na mchezo ulihusu kiwanja kilichouzwa mara mbili, jambo ambalo kila avenue ya mji huu inalijua. Jirani alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Ikiwaka, tunanyamaza wote, maana maikrofoni yetu ilikuwa ile ile ya ndani ya kamera. Siku moja mama aliyecheza mjane alifika mahali pa kulia, na machozi yakaja kweli. Mashine ikawaka. Tukamfanyia ishara angoje. Akangoja, karatasi ya kiwanja mkononi, uso umelowa, hakujifuta, mpaka mteja wa jirani alipobeba unga wake akaondoka. Kisha akaendelea na neno lile lile alilokuwa amelikatia. Hatukurudia hata mara moja. Ndiyo sababu mtu akiniambia hatuna vipaji, naumia.

Tulikuwa na vipindi sita tayari. Tukavipeleka kituoni. Msimamizi wa vipindi akatazama cha kwanza, akacheka, akasifu, halafu akauliza mdhamini wetu ni nani. Hatuna. Basi, akasema, ni dola 40 kila kipindi, mnalipa kabla. Tukachangishana. Cha kwanza kikapita, cha pili kikapita. Cha tatu kilikatwa katikati kupisha mkutano wa mheshimiwa mmoja, na hakikurudi. Pesa yake nayo haikurudi. Vitatu vilivyobaki viko kwenye flashi nyumbani kwangu.

Sasa rudini kwenye zile kelele. Mtu anayenunua dakika 30 kwa pesa ya bukari, ugali wa watoto, atapiga picha za namna gani? Ugomvi hauna gharama: chumba kimoja, watu wawili, kamera moja. Kwenda mji wa jirani wa Kipushi kupata picha ya dakika mbili ni mafuta ya gari, ni chakula cha watu 11, ni kumlipa mwenye grupu, yaani jenereta, kama umeme umekatika. Mwandishi anajua hayo kabla hajaandika, kwa hiyo hadithi nzima inabaki sebuleni. Na wanaoweza kulipa bila kuumia ni wagombea, makanisa na wauza bia. Tangu sheria ya vyombo vya habari ya 1996 vituo binafsi vimeota nchini kote, vingi mikononi mwa wanasiasa na wachungaji. Kinshasa tumeona matokeo yake: michezo mingi ya Kilingala ya miaka ya 2000 ilikuwa ya wachawi na mchungaji anayewashinda mwishoni, kwa sababu ilitoka kwa makundi yaliyokuwa karibu na makanisa.

Mji huu una historia nyingine. Kundi la teatre la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, redioni na kwenye televisheni, bila kuandika maneno ya mchezo. Mtu analeta wazo, mara nyingi methali, wanakaa, wanabishana maana yake, wanagawana nafasi, kisha kila mmoja anajipatia maneno yake. Mwaka 1986 walichukua msemo wa Kifaransa usemao mamlaka huliwa mazima, wakaujadili kwa siku nyingi, wakaenda kuucheza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni, wanakijiji wenyewe wakiwamo. Mtaalamu Johannes Fabian alikuwa nao, akarekodi mazoezi na mabishano yao, akayaandika neno kwa neno. Siku nyingi za kubishana juu ya msemo mmoja! Leo kundi gani lina nafasi hiyo, wakati malipo ya dakika za hewani yanawasubiri?

Msimamo wangu ni huu: kituo kinachoonyesha mchezo wetu kitulipe, hata kama ni kidogo, au angalau kigawane nasi pesa ya matangazo yanayopita ndani ya dakika zetu. Na RTNC ya jimbo, redio na televisheni ya taifa ambayo ni mali ya sote, itenge saa moja kwa wiki bila malipo. Katiba ya 2006, ibara ya kwanza kabisa, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa na kuipa Serikali kazi ya kuziendeleza. Tuidai ibara hiyo.

Kadutu, Bukavu:

Yaya, mkubwa wangu, pole sana kwa dola zenu. Lakini sikubaliani na wewe. Unataka kumfundisha adabu mwenye kituo, na mwenye kituo hakuhitaji. Achana naye. Sisi huku tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, tumeona benki zinafungwa na wafanyabiashara wanahama. Mdhamini umtoe wapi? Vijana wa mtaa wetu wanapiga picha kwa telefone, wanatuma vipande vya dakika tatu kwenye intaneti, na watu wanacheka mpaka Uvira.

Jambo la pili, lugha. Mnang'ang'ania Kiswahili cha mtaani, halafu mnashangaa soko ni dogo. Steven Kanumba, mwigizaji wa Tanzania, Mungu amrehemu, alifariki Aprili 2012, na mpaka leo kuna watu hapa Bukavu wanaokumbuka maneno ya filamu zake. Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili chake kilieleweka Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na hapa. Chezeni kwa Kiswahili hicho, mtakuwa na watazamaji wa nchi tano, na mwenye kituo ndiye atakayewafuata.

Papa wa Makomeno:

Wanangu, nimewasoma wote wawili. Wa Kenya, usiipake sukari enzi ile. Kituo kilikuwa kimoja, cha Serikali, na Mobutu akiwa madarakani huwezi kusema kila kitu. Mchezo wa mamlaka uliwekwa kijijini kwa chifu. Ya mkubwa wa nchi hayakutajwa, kila mtu alijisikilizia mwenyewe. Na wacheza teatre hawakutajirika, hilo likumbukwe.

Kilichokuwapo ni mshahara. Baba akifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, tele ipo nyumbani, na jirani asiye nayo anakuja kutazama kwetu. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipotolewa kazini kwa mpigo, mimi nikiwa mmoja wao, kwenye avenue yetu tele ndicho kitu cha kwanza watu walichouza. Hata mdhamini akipatikana, anataka kuuza sabuni kwa watu wenye makuta, wenye pesa. Hilo mlitie katika hesabu yenu.

Kuhusu lugha, niko na wa Kenya. Mlinzi wa mchezo akimwuliza mgeni usiku "wewe uko nani?", nyumba nzima inajua huyo ni mlinzi wa hapa. Mwandikie "wewe ni nani?", na mke wangu atauliza kama mlinzi huyo ametoka Tanzania.

Mwana wa Kenya, Lubumbashi:

Aksanti, Papa. Nimekubali: mshahara nimeusahau, na nisingepaswa, maana baba yangu naye alitolewa mwaka ule.

Ndugu wa Kadutu, nawaheshimu vijana wenu, na hali mnayofanyia kazi huko inanishinda hata kuifikiria. Lakini dakika tatu ni kichekesho. Mjane wetu alihitaji dakika 20 ili mtazamaji ajue alivyokipata kile kiwanja, ndipo kukipoteza kuume. Mama wa komine ya Katuba hanunui mega za intaneti za kutazama dakika 30 kila wiki. Umeme ukiwapo, tele anaiwasha bure, akipika, watoto wakiwa pembeni. Mtazamaji huyo simwachii mheshimiwa na mikutano yake.

Juu ya lugha, anayetaka kuchezea nchi tano achezee nchi tano, simkatazi. Ila Kanumba alicheza kwa Kiswahili kilichosemwa alikokuwa, hakukiazima kwetu. Na yale mabishano ya Mufwankolo yangeingia vipi katika lugha ambayo mchezaji anapaswa kwanza kuifikiria, ndipo aitamke? Mama yule aliendelea pale pale alipokatia kwa sababu maneno yalikuwa yake.

Ombi langu kwa makundi yote, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Bukavu, Goma: kila lililowahi kulipa ili mchezo wake uonyeshwe, liandike hapa lililipa kiasi gani na likapewa dakika ngapi. Majina ya vituo tuyaache, tutafute kwanza picha nzima, kisha tuipeleke kwa wahusika ikiwa na saini zetu. Naanza mimi: dola 120, dakika 74.