Naomba ushauri: kamongo wanaisha mwaloni kwetu, tunapimaje kama wanarudi?

Habari zenu wadau. Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni) mwalo mmoja huku Ilemela, Mwanza, Ziwa Victoria, kamongo wamepungua balaa, zamani mtu anatega ndoano jioni pembeni ya mafunjo asubuhi anatoka na wa kubeba begani, sahivi anarudi na kadogo kama mkono wa mtoto. Tumekubaliana tufunge yale mafunjo kipindi cha mvua maana ndo wanataga humo na dume ndo anabaki analinda kiota, ukimvua yeye umemaliza na watoto.

Shida yangu kupima. Daftari letu lina kilo tu, halina idadi ya ndoano wala masiku waliyotega, sasa kilo zikipanda ntajuaje samaki wamerudi au watu wameongeza ndoano?? Ulaya kwa mikunga wao (samaki warefu kama nyoka) sheria ya 2007 inataka angalau 40% ya wakubwa wafikie baharini kutaga, ukilinganisha na ambavyo ingekuwa bila binadamu kuwasumbua, sisi hata pa kuanzia hatuna.

Halafu kuna wazee wanalima humohumo kwenye mafunjo (mmoja baba mkwe wangu jamani), hao nawaingiaje? Aliyewahi kufanya hii anielekeze, vifaa vyetu ni mzani, rula na daftari.