Nimeng'olewa gego: nipandikize au nivae la bandia? Naombeni ushauri

Mwana_Kwetu: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 41, mwezi uliopita nimeng'olewa gego la chini kushoto. Daktari kanipa njia tatu: jino la kuvaa na kuvua, daraja (jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani), au kupandikiza. Hilo la kupandikiza bei yake sawa na pikipiki iliyotumika, sitii chumvi. Marehemu bibi alikuwa na meno ya kuvaa. Usiku yanalala kwenye glasi dirishani. Siku ya nyama anayavua, anayafunga kwenye pindo la kanga, anakunywa mchuzi tu. Sitaki kufika huko. Ila skrubu ndani ya mfupa nayo inanitisha. Si ndiyo kufanyiwa majaribio?

Mstaafu_wa_Kinywa: Majaribio yalishapita zamani, mkuu. Mwaka 1952 huko Lund, Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mfupa unavyopona, akaweka vifaa vya metali ya titani kwenye miguu ya sungura. Alipotaka kuvitoa, vikagoma: mfupa umevishika. Mwaka 1965 akampandikizia Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki 2006, vipandikizi bado vinatafuna. Madaktari wengi walimbeza Brånemark hadi alipowaonyesha matokeo yake kwenye mkutano wa Toronto, Kanada, wa 1982.

Tena usiogope skrubu, ogopa pengo. Jino likitoka, mfupa wa pale hukosa kazi ukaanza kusinyaa. Meno ya kuvaa hukalia fizi tu, hivyo ya bibi yako lazima yalilegea mwaka hadi mwaka, wala fundi hakuwa na kosa. Daraja nalo hutaka meno mawili ya jirani yasagwe, hata kama ni mazima.

Chonge: Mimi ninalo la mbele juu, toka 2019. Ganzi ikishika huumii, unasikia mtetemo tu kama jirani anatoboa ukuta. Kazi ilikuwa kusubiri mfupa ushike: miezi minne. Harusi mbili nimecheka huku nimeziba mdomo.

Mama_Wawili: Una sukari? Unavuta? Mume wangu alimficha daktari habari za sigara. Kipandikizi hakikushika, kikaanza kucheza, kikatolewa. Hela imekwenda, sigara bado anavuta.

Dalali_Mashamba: Weka daraja kaka, chenji kalimie.

Mstaafu_wa_Kinywa: Dalali hajakosea sana. Kama meno ya jirani yameshazibwa zibwa na yatahitaji kofia ya kuyafunika hata hivyo, daraja lina maana. Yakiwa mazima, mimi nisingeyagusa.

Mwana_Kwetu: La nyuma limezibwa mara mbili, la mbele zima kabisa. Sivuti. Sukari sijawahi kupima, na mama anayo. Jumatatu naanza na hiyo, halafu picha ya taya. Dalali, shamba lenyewe liko wapi?