Re: Re: Cheti cha Baba kimeandikwa "mlinzi mstaafu"

Binti wa Mzee:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Asanteni kwa rambirambi. Naomba msaada. Kwenye kusajili msiba huku Uingereza, msajili aliuliza kazi ya marehemu. Kaka yangu akataja mipango ya mazingira, yeye akauliza, "Na ya mwisho?" Ulinzi wa usiku ghalani. Akaandika hiyo hiyo. Kaka akasaini. Mama amekiona cheti cha kifo jana, kilio kimeanza upya. Baba amesoma Chuo cha Ardhi, amefanya kazi mradi wa mitaro wa Hanna Nassif, Dar! Nimepiga simu ofisini, wanasema kilishasainiwa. Kuna aliyewahi kurekebisha? Ni kwao au GRO, ofisi kuu ya usajili? Vyeti vyake vya masomo viko Kigamboni.

Mama Mapacha, Northampton:
Marahaba mwanangu, pole sana. Mnasafirisha au mnazika huku? Kama mnasafirisha, fomu ya kijani ya msajili, ile ya kibali cha kuzika, msiiachie mtu. Inakwenda kwa koroneri, afisa wa kuchunguza vifo, pamoja na notisi ya Out of England, ya kutoa mwili nje ya nchi. Msiba wa shemeji yangu ilibaki kwenye droo ya jikoni, ndege ikaondoka sisi tunatafutana. Na kusajili ni siku tano tu tangu afariki.

Kaka wa Coventry:
Mama, siyo tangu afariki. Tangu tarehe 9 Septemba 2024 ME (daktari mkaguzi wa vifo) ndiye anayepeleka MCCD (hati ya daktari ya chanzo cha kifo) kwa msajili, na siku tano zinaanza msajili akishaipokea. Tusiwachanganye wafiwa kwa habari za zamani.

Mama Mapacha:
Ahsante kwa somo, mwalimu. Nimeanza kusimamia misiba nchi hii wewe hujaijua Heathrow.

Mzee wa Leicester:
Marahaba binti yangu. Nimesoma hiyo "mlinzi mstaafu" nikaweka simu chini kwanza.

Baba yako nilimkuta Hanna Nassif miaka ya tisini, kijana mwembamba mwenye futi kamba shingoni. Mradi ule ILO, Shirika la Kazi Duniani, waliuunga mkono, lakini mitaro walichimba wakazi wenyewe, kwa ujira, na kina mama walikuwemo. Yeye alikuwa anasema ukimlipa jirani kuchimba mtaro, kesho atakufokea ukitupa taka humo. Wenzake walitaka makandarasi.

Huku alifika na shahada, wakampa tochi. Sikumsikia akilalamika. Akitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi anawasuka nyie twende kilioni, maana mama yenu alikuwa wodini, kisha anawapeleka shule ndipo alale. Na si kulala sana. Matangazo ya ujenzi wanayofunga kwenye nguzo za taa, ambayo sisi tunayapita, yeye alivaa miwani akasoma hadi chini, akahesabu zile siku 21 za kutoa maoni. Mtaa wake ulipokuwa unajaa maji kila mvua, aliwapelekea kaunsili ramani ya penseli, mishale ikionyesha maji yanatoka wapi na majani yanaziba wapi. Walikuja wakazibua. Jina lake halikuandikwa popote.

Kaka wa Coventry:
Mzee umenikumbusha mafuriko ya Dar, Desemba 2011. Jangwani yote maji, dada yangu juu ya bati na mtoto. Wakapelekwa Mabwepande, kwenye mahema. Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 ilishakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Nani alisimamia?

Dada wa Luton:
Mita 60 mlizikumbuka Desemba 2015, mlipopiga X nyekundu ya bomoabomoa kule Mkwajuni. Shangazi yangu alikuwa analipa kodi ya jengo pale. Ukilipwa kodi unaona nyumba, ukitaka kubomoa unaona mto.

Kaka wa Coventry:
Mlipopiga nani? Mimi niko Coventry.

Mzee wa Leicester:
Marehemu tulibishana naye hilo hilo usiku mzima. Alikuwa upande wa mto, na alikuwa upande wa shangazi. Alitaka watu waambiwe mapema, wapimiwe viwanja penye maji na basi, ndipo wahame. Tingatinga liwe la mwisho.

Dada wa Luton:
Hapo sawa. Na tukiambiwa tutoe maoni kule nyumbani, tutatoa kama nani? Uraia pacha wenyewe hakuna.

Binti wa Mzee:
Babu, hiyo ramani ya penseli Mama anayo. Ahsante. Lakini cheti jamani. Ni kwao au GRO?

Shemeji wa Derby:
Mke wangu alirekebishiwa mwaka wa kuzaliwa, ni kwenye ofisi iliyosajili, na huwa wanataka ushahidi. Wanaongeza maelezo pembeni, yale ya mwanzo hayafutwi. Ila ule ulikuwa mwaka. Kazi sijui kama wanaihesabu kosa, kwa sababu ulinzi aliufanya kweli.

Kaka wa Coventry:
Ndiyo maana wanakuonyesha kabla ya kusaini.

Mama Mapacha:
Kijana wa watu hajalala tangu juzi, wewe unamfundisha kusoma! Binti, mwambie binamu yako afungue sanduku Kigamboni leo leo, apige picha vyeti.

Msimamizi:
Siasa tuziweke kando. Mchango unaendelea kwa mweka hazina. Tanzia ya hapa na ya kusomwa nyumbani itaandikwa Mtaalamu wa Mipango ya Mazingira, hilo halihitaji msajili. Mzee wa Leicester, andika wasifu, ukurasa mmoja TAFADHALI.

Mzee wa Leicester:
Miwili.

Mama Mapacha:
Heathrow ni upande wa mizigo, siyo kule kwa abiria, watu hupotea kila msiba. Mwenye gari la watu saba ajitokeze.