Seva moja ya watu 20 au kompyuta binafsi 20: ipi ina kasi?

fundiseva: Wakuu, maabara ina viti 20. Kazi ni kuandika, lahajedwali na kivinjari. Seva moja inayoendesha programu za wote, yenye kori 8 (vitengo vya kazi vya prosesa) na RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 32, au PC 20 zenye GB 4 kila moja? Nataka kasi, bei tuiache kwanza.

ram_kwanza: Prosesa isikutie hofu. Anayechapa barua huiacha prosesa ikae bure karibu muda wote, kwa hiyo kori 8 zinawatosha. Tena LibreOffice, programu ya kuandika na lahajedwali, ikishafunguliwa na mtu wa kwanza, wa pili anaipata upesi zaidi kwa kuwa faili zake tayari ziko kwenye RAM. PC kila moja inasoma upya kutoka diski yake.

Kinachoiua seva ni RAM. Mfumo uchukue GB 2, kila mtu GB 1.2: jumla 26, mko salama. Wakifungua tabo kumi kumi, GB 2 kwa mtu si ajabu, na hapo unahitaji 42. Mfumo unaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski. Diski ya kuzunguka ya 7200 rpm inamudu kusoma data ya hapa na pale kama mara 100 tu kwa sekunde, basi viti vyote vinaganda kwa pamoja: mshale unasogea, herufi hazitokei. Kwa PC angeganda mmoja. Weka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi, na RAM iwe GB 64.

waya_gigabiti: Mmesahau video. 1920 × 1080 × baiti 4 × fremu 30 ni kama MB 249 kwa sekunde kwa kiti kimoja, na waya wa gigabiti haupitishi zaidi ya MB 125. Ukiigandamiza ipungue ukubwa, mzigo unairudia prosesa ya seva, mara 20. Kama video ni lazima, tumia mfumo wa LTSP: kituo (kompyuta ya kila kiti) kinawaka kupitia mtandao, lakini programu zinaendeshwa na prosesa na RAM za kituo chenyewe. Swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao) ya 100 Mbps, yaani megabiti 100 kwa sekunde, usiiguse kabisa. Mkigawana mlango wa seva, kila mtu anabaki na Mbps 5.

fundiseva: Na mmoja akiwamalizia wenzake RAM?

ram_kwanza: Mwekee kikomo. Kwenye Linux yenye systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo) toleo la 239 au jipya zaidi, tengeneza `/etc/systemd/system/user-.slice.d/50-kikomo.conf`:

`[Slice]`
`MemoryMax=1500M`
`CPUQuota=200%`

Kisha `systemctl daemon-reload`. 200% maana yake kori mbili. Anayezidisha RAM, mfumo ukishindwa kumrudisha chini ya kikomo, programu yake ndiyo inayouawa, wengine wanaendelea. Anayekula nyingi utamwona kwa `systemd-cgtop`.

waya_gigabiti: Wa kuhariri video mpe PC yake, hapo hakuna mjadala. Na swichi iunganishe kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ileile ya seva; ikizimika swichi peke yake, seva iliyo hai haimfikii mtu.